Gari lilikuwa kwenye P, mbona limeteremka?

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Goba, nyumba yetu iko juu kidogo na barabara ya kuja getini ni ya changarawe, ina mteremko. Nina gari dogo la Kijapani la mwaka 2005, otomatiki, nililinunua kwa mtu miaka mitatu iliyopita. Jumapili jioni nilipaki nje ya geti, pua ikitazama juu, nikaweka leva ya gia kwenye P (ya kupaki), nikachomoa ufunguo nikaingia ndani. Kama nusu saa hivi baadaye tukasikia kishindo. Gari limerudi nyuma lenyewe, limebomoa ukuta wa jirani. Namshukuru Mungu hakukuwa na mtoto njiani. Fundi wetu anasema nilisahau kuweka P, na mume wangu anamuunga mkono. Mimi nina hakika niliweka. Hendibreki huwa siivuti, niliambiwa kwenye otomatiki P inatosha. Je, gari linaweza kutembea likiwa P? Na kama ni ubovu wa gari, naripoti wapi? Jirani anadai ukuta wake.

JIBU: Marahaba, dada yangu, na poleni sana. Ndiyo, gari lililowekwa P linaweza kuteremka, tena bila kitu chochote kuvunjika. Lakini kabla hatujafika huko kuna jambo la leoleo: gari hilo lisiguswe. Fundi akishafungua, akakaza hiki na kupaka grisi kile, ushahidi wote umeondoka, na litakalobaki ni neno lako dhidi ya neno lake. Nimeona magari mengi ya namna hii yakiletwa gereji yakiwa tayari "yamerekebishwa", na hapo hata mkaguzi mwenye macho ya mwewe hana la kusema.

Chukua simu upige picha. Leva ya gia ilipo. Dashibodi ufunguo ukiwa umewashwa, injini imezimwa, ionekane herufi inayowaka. Leva ya hendibreki. Tairi za mbele, zote mbili, kwa karibu. Kisha rudi pale ulipopaki, kama mvua haijanyesha, upige picha za alama za tairi kwenye changarawe kuanzia getini mpaka ukutani. Hizo alama ndizo ninazozitaka kuliko kitu kingine, na sababu yake inakuja.

Watu wengi hudhani P ni breki. Siyo. Ndani ya giaboksi kuna gurudumu lenye meno lililounganishwa na mhimili unaopeleka nguvu kwenye tairi. Ukiweka P, kijino kimoja cha chuma, kidogo kuliko unavyodhani, huangukia kati ya meno hayo na kulizuia gurudumu lisizunguke, kama komeo la mlango. Breki za tairi haziguswi hata kidogo. Uzito wote wa gari kwenye mteremko unabaki umening'inia kwenye hicho kijino. Ule mlio wa "tang!" na mshtuko unaousikia asubuhi ukitoa gari P pale getini kwako ni kijino kikijinasua kwenye mzigo.

Sasa, kwa magari madogo mengi kama lako tairi zinazosukuma ni za mbele, na kijino kinazuia giaboksi, hakizuii tairi moja moja. Kati ya giaboksi na tairi kuna difu. Kazi ya difu ni kuruhusu tairi mbili zizunguke kwa kasi tofauti unapokata kona. Giaboksi ikifungwa, difu bado inaruhusu jambo moja: tairi ya kulia ikienda mbele, ya kushoto inaweza kurudi nyuma kwa kiasi kilekile. Kwenye lami kavu hilo halitokei kwa sababu tairi zote mbili zimeshika. Kwenye changarawe ni habari nyingine. Tairi moja ikikaa juu ya kokoto zilizolegea, inaweza kuzunguka kinyumenyume taratibu huku mwenzake akiteremka na gari.

Ongeza na hili: ulipaki pua ikitazama juu. Gari likiinuka mbele, uzito huhamia nyuma, na tairi za mbele, zile pekee zinazoshikiliwa na P, zinabaki nyepesi. Umeziachia kazi yote tairi ambazo wakati huo zimepunguziwa mzigo. Nusu saa ya kokoto kusogea kidogokidogo, pengine pikipiki ikapita ikatikisa ardhi, pengine mtoto akaegemea boneti, gari likaanza safari.

Ndiyo maana nataka alama. Kama tairi zote mbili za mbele zimeacha michoro safi ya kubingirika, sawasawa na za nyuma, basi P haikuwa imeshika hata kidogo, na tutafute sababu kwenye kebo au kwenye leva. Kama tairi moja ya mbele imeacha mfereji uliochimbwa au changarawe iliyorushwa upande, na nyingine imebingirika vizuri, basi P ilishika na ardhi ndiyo iliyokusaliti. Kama tairi zote mbili za mbele zimeburuzwa bila kuzunguka, P ilishika na gari limeserereka zima zima. Ni tofauti kubwa sana kisheria na kifundi, na jibu liko chini kwenye vumbi.

Mlango huohuo wa difu ndio unaoua mafundi wa pancha. Gari liko kwenye mteremko, P, hendibreki haijavutwa, jeki inapandisha tairi moja ya mbele. Dakika tairi inapoachana na ardhi, P haina inachoshikilia tena. Na wenye magari ya 4x4 yenye ile leva ndogo ya pili, mjue ikiwa kwenye N (gia huru), basi P ya leva kubwa ni pambo tu. Gari liko huru.

Tuje kwenye kebo. Leva unayoishika haigusi giaboksi moja kwa moja. Kuna kebo ndefu, na mwishoni kebo hiyo imefungwa kwa bushi ya plastiki. Bushi ikizeeka hupasuka au kuchomoka. Hapo unaweza kusukuma leva mpaka P, mkono ukahisi kila kitu sawa, kumbe giaboksi imebaki kwenye R (rivasi) au N. Hii si nadharia: Juni 2022 Ford iliyaita magari yapatayo milioni 2.9 kule Marekani yarudi kurekebishwa kwa sababu ya bushi hiyohiyo. Gari lako lina umri wa miaka ishirini na limekaa kwenye joto la Dar. Bushi yake sitaiapia.

Kipimo chake ni rahisi, ila kifanyike mkaguzi wa magari akishaliona gari. Tafuta mahali tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya tairi, mtu akae kwenye usukani mguu ukiwa kwenye breki, ufunguo umewashwa bila injini kuunguruma. Peleka leva P, R, N, D, polepole, huku ukitazama dashibodi. Kwenye magari mengi ya aina yako taa ya dashibodi hupata habari kutoka kwenye swichi iliyo kwenye giaboksi yenyewe, si kwenye leva. Leva ikisema P na dashibodi ikasema kitu kingine, au haisemi kitu, mshukiwa amepatikana. Vilevile mtu asimame nyuma atazame taa za rivasi: zikiwaka leva ikiwa P, usiendelee hata na kipimo kinachofuata. Na jiulize, je, kuna siku gari limekataa kuwaka mpaka utikise leva au uweke N? Watu wengi hulizoea hilo, wanaona ni tabia ya gari. Huenda ni kebo inakuita.

Baada ya hapo, palepale tambarare, sogeza mawe yakae mbali na tairi kama hatua moja ndogo, weka P, hendibreki chini, injini imezimwa, watu wazima wawili wasukume gari mbele na nyuma. Litasogea kidogo, litagonga ndani, litasimama. Likiendelea kutembea mpaka likakutana na jiwe, hakuna P humo.

Halafu swichi ya ufunguo. Umesema ulichomoa ufunguo, na najua kwa nini umelitaja: gari zima, yaani lisilo na ubovu, halikuruhusu kuchomoa ufunguo mpaka liwe P. Kwa gari zima ni hoja nzuri. Lakini jaribu ukiwa palepale tambarare: weka N, zima, vuta ufunguo. Kisha D, fanya vilevile. Magari ya umri huu, swichi imelika, ufunguo umelika, mara nyingi unachomoka popote, hata gari likinguruma. Kama wa kwako unachomoka kwenye N, basi ufunguo kuwa mkononi hauthibitishi lolote, na lazima nikuambie hilo ingawa linampa nguvu mume wako. Mwangalie pia fundi aliyewahi kushughulikia leva. Leva ikigoma kutoka P kwa sababu swichi ya taa za breki imekufa, wapo wanaoing'oa kabisa ile kufuli inayodai ukanyage breki kwanza, badala ya kununua swichi ambayo kwenye maduka ya spea ya Gerezani haikosekani. Baada ya hapo leva inakwenda itakako, hata kwa mkono wa mtoto.

Kuhusu hendibreki, aliyekuambia P inatosha amekupotosha, na ni ushauri uliozagaa mji mzima. Hendibreki hushika tairi za nyuma kwa waya, haina habari na difu wala giaboksi, na gari likitazama juu tairi za nyuma ndizo zinazoongezewa uzito. Siku ile ingevutwa, na kama inafanya kazi, tusingekuwa tunaandikiana. Nasema kama inafanya kazi kwa sababu hendibreki isiyotumika hufa: waya unashika kutu ndani ya ganda lake, halafu siku moja ukiuvuta unabaki umekwama, breki zinaungua, na mwenye gari anasema "si mnaona, hendibreki inaharibu gari". Dawa ni kuivuta kila siku. Kwenye magari yenye diski nyuma kuna mtego mwingine: mengi yana breki shuu ndogo ndani ya diski kwa ajili ya hendibreki peke yake, na fundi akibadilisha pedi hazigusi hizo, anakwambia breki za nyuma ni mpya. Hata waliotengeneza magari mapya huteleza hapa. Oktoba 2016 Toyota iliita Prius zipatazo 340,000 duniani kwa sababu waya wa breki ya kuegesha ungeweza kuchomoka.

Mabasi ya Coaster na malori mengi madogo yana mpangilio tofauti kabisa, breki ya kuegesha iko nyuma ya giaboksi na inashika propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye tairi za nyuma. Propela ikifunguliwa, hakuna breki. Ndiyo sababu ya lile jiwe la konda, na sitalicheka.

Utaratibu wa kupaki mlimani sasa, kwa ufupi. Kanyaga breki mpaka gari lisimame kabisa. Vuta hendibreki. Weka N, legeza mguu taratibu, gari likae kwenye hendibreki. Halafu kanyaga tena uweke P. Kwa njia hiyo kijino hakibebi mzigo, na asubuhi hakuna "tang". Kata usukani pia: pua ikitazama chini, kata kushoto kuelekea ukingo; pua ikitazama juu na kuna ukingo wa zege, kata kulia ili tairi irudi iegemee ukingo. Pasipo ukingo kata kushoto, gari likirudi litoke barabarani. Huko kwenu najua kushoto mara nyingi ni mtaro. Afadhali mtaro kuliko ukuta, na afadhali ukuta kuliko mtu.

Swali lako la mwisho, ubovu wa gari na mahali pa kuripoti, limenigusa zaidi kwa sababu ya huo ubishi wa nyumbani. Watu hudhani ni ama dereva amekosea ama gari ni bovu. Aprili 2016 kampuni ya Fiat Chrysler iliita zaidi ya magari milioni 1.1, yakiwemo Jeep Grand Cherokee za 2014 na 2015, kwa sababu yalikuwa yakiteremka baada ya madereva kushuka. Yalipokaguliwa hakikukutwa kilichovunjika. Tatizo lilikuwa umbo la leva: kila ukiisukuma ilirudi katikati, mkono haukuweza kujua kama umefika P au la. Kampuni ilikuwa na habari za majeruhi 41. Madereva walikosea, ndiyo, lakini walikoseshwa, na mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ikalihesabu hilo kuwa kasoro ya gari. Juni 19 mwaka huohuo mwigizaji Anton Yelchin, miaka 27, alikufa nyumbani kwake Los Angeles. Jeep yake ya aina hiyo iliteremka ikambana kwenye nguzo ya geti. Kwa hiyo hata ikithibitika hukufika P, bado lipo la kuuliza: kwa nini mkono wako uliamini umefika?

Na kasoro hizi hujulikana kwa sababu watu wa kawaida wameandika malalamiko, mmoja mmoja, yakarundikana mpaka yakaonyesha sura. Malalamiko ya Ford zilizokuwa zikitoka P na kurudi nyuma yalirundikana miaka ya 1970. Mwaka 1980 yakaishia kwenye makubaliano ambayo kampuni ilituma stika za onyo kwa wenye magari yapatayo milioni 23. Stika! Mimi naona lilikuwa jibu la aibu, lakini bila malalamiko hata stika isingekuwepo.

Kwako wewe, anza polisi, kitengo cha usalama barabarani, uombe mkaguzi wa magari alione gari kabla halijaguswa. Ripoti yao ndiyo bima watakayoitaka, na ndiyo itakayokutetea jirani akibadilika. Bima ya mtu wa tatu haitalitengeneza gari lako; kuhusu ukuta, soma mkataba wako kipengele cha mali ya mtu mwingine, na uwaarifu mapema maana wana siku zao walizoweka. Wakikuzungusha, mwangalizi wao ni TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima.

Halafu tazama kwenye kadi ya gari namba ya chasisi. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani lina namba fupi yenye kistari katikati, si ile ya tarakimu na herufi 17. Ukiiingiza kwenye tovuti ya NHTSA haitatambulika, na hiyo haina maana kwamba gari ni safi. Ingia kwenye tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji, sehemu ya kutafuta magari yaliyoitwa kurekebishwa. Ni ya Kijapani tupu, lakini simu itakutafsiria ya kutosha. Likionekana lina mwito ambao haukutekelezwa, chapisha ukurasa huo uupeleke kwa wakala wa kampuni hiyo hapa Dar, na uombe jibu kwa maandishi. Maneno ya kaunta hayana uzito.

Kwa upande wa serikali, malalamiko ya mlaji kuhusu bidhaa isiyo salama yanakwenda Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Nakala peleka Shirika la Viwango, TBS. Kama lingekuwa daladala au teksi ningeongeza LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Aliyekuuzia miaka mitatu iliyopita sioni kama utampata na lolote.

Unapoandika, eleza ulichokiona, acha hukumu. Usiandike "gari lina kasoro ya kiwanda", hujui bado. Andika tarehe na saa, mteremko na aina ya ardhi, pua ilitazama wapi, leva ilikutwa kwenye herufi gani baada ya kugonga, dashibodi ilionyesha nini, hendibreki haikuvutwa (ndiyo, liandike, ukilificha watalikuta), gari lilikwenda hatua ngapi, na namba ya chasisi. Ambatisha picha. Baki na nakala yenye muhuri wa mapokezi.

Ukuta wa jirani mjengee, au mkubaliane mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwa maandishi, kwamba unalipa uharibifu bila kutaja chanzo chake wakati uchunguzi unaendelea. Lakini waulize bima kwanza kabla hujasaini, wengi wao hawapendi mteja akubali dhima peke yake.

Jambo moja la kuwaambia wote mnaokaa nyumba hiyo, pamoja na kijana wa geti: gari likianza kuteremka, hakuna mtu kulikimbilia. Si kulishika mlango, si kuruka ndani, si kusimama nyuma yake na kusukuma. Gari dogo kama lako linakaribia tani nzima. Pigeni kelele watu watoke njiani, liacheni lifike litakakofika.

Nitumie picha za zile alama na jibu la kipimo cha ufunguo kwenye N. Nikiviona hivyo viwili nitakwambia uanze kufungua wapi, na mlete na mume wako asome.